Njia ya watu

Kiongozi wetu alinyanyua ngumi juu, ile alama aliyotufundisha asubuhi kwamba wote simameni, alafu akafanya kitu ambacho hakutufundisha. Akazima injini.

Nyuma yake na sisi tukaanza kuzima kwadi zetu, zile pikipiki za matairi manne za kutembezea watalii, mmoja baada ya mwingine, mpaka ikabaki kwadi ya mwisho kabisa kwenye mstari, ya binamu yangu, ambaye alivuta resi kidogo kuuliza kulikoni huko mbele. Na yeye akazima.

Ndo tukasikia sauti za watu wanaolia.

Mbele yetu, kama hatua hamsini hivi, kulikuwa na nyumba ya tofali za kuchoma, mfenesi mkubwa, na turubai la bluu limefungwa kutoka kwenye paa mpaka kwenye ule mti. Chini ya turubai watu wamekaa kwenye mikeka. Njia tuliyokuwa tunaifuata ilikuwa inapita katikati ya huo uwanja, yaani sio pembeni, katikati kabisa.

Jamaa akavua helmeti, akavua glavu, akachomoa kitambaa shingoni akajifuta vumbi usoni, taratibu, bila kutuangalia. Akaenda kwa miguu. Nikamuona anachuchumaa mbele ya mzee mmoja aliyekaa kwenye kiti cha mbao na salamu ikawa ndefu, ile ya kuulizana na kuitikiana mpaka unajiuliza wameshafika wapi. Baadae akaingiza mkono kwenye mfuko wa ovaroli, akatoa noti zilizokunjwa, akazitoa kwa mikono miwili.

Aliporudi akasema kwa sauti ndogo: tunageuza, ila hatuwashi hapa, tunazisukuma mpaka kwenye ule mwembe.

Kusukuma kwadi, kwa asiyejua, ni kusukuma chuma cha zaidi ya kilo mia mbili chenye matairi manene yasiyotaka kubingirika kwenye udongo laini. Tulikuwa wawili wawili kila kwadi, jasho ndani ya helmeti, hakuna anayeongea.

Isipokuwa binamu. Alininong'oneza kwa Kihaya, nikitafsiri kwa heshima: sisi tumelipia msitu bana, sio kusukuma.

Zimepita wiki kadhaa sasa na bado nabishana nae.

Raha ipo, tusidanganyane

Kabla sijaenda mbali niseme kabisa kwamba nilifurahi sana. Kuna watu wakisoma makala kama hii wanategemea mwandishi aanze kuponda, kelele, moshi, vumbi, utalii wa wenye hela. Sina mpango huo. Mi nilishuka kwenye ile mashine natetemeka mikono na nacheka peke yangu.

Tulikuwa nje kidogo ya Jinja, Uganda, kando ya Nile, kundi la mchanganyiko, vijana kutoka Nairobi, wazungu wawili mke na mume, binamu yangu anayefanya kazi Kampala ambaye ndo alitoa hela, na mimi niliyekuja na basi kutoka Bukoba kupitia Mutukula. Kwanza wanakuzungusha kwenye uwanja wao wa mazoezi, na hapo ndo wanakuona wewe ni mtu wa aina gani.

Mafuta unayabana kwa dole gumba. Sio kuzungusha mkono kama pikipiki, ni kakijiti kadogo pembeni ya mshikio, unakasukuma na dole gumba, na baada ya muda dole lote linakufa ganzi. Klachi hakuna, gia za kubadilisha hakuna, unachagua mbele au rivasi basi. Mtu anaona rahisi.

Sasa njoo kwenye kona. Kwadi nyingi za kazi hii hazina difu nyuma, ekseli ni moja, magurudumu yote mawili yanazunguka kwa mwendo mmoja hata kama unakata kona ambayo gurudumu la nje linatakiwa litembee zaidi ya la ndani. Kwa hiyo ukipinda mshikio tu ukakaa wima umestarehe, mashine inakataa, inakupeleka mbele moja kwa moja kwenye mihogo ya watu. Inabidi uhamishe mwili mzima, uegemee ndani ya kona, mguu wa nje ukandamize. Mlima unapanda umeinamia mbele, unashuka umekaa nyuma kabisa. Yaani wewe mwenyewe ni sehemu ya mashine.

Na usishushe mguu. Hilo kiongozi alilirudia mpaka likachosha. Aliyezoea pikipiki akiona anayumba anashusha mguu chini ajishikize, ni akili ya mwili tu, haiombi ruhusa. Kwenye kwadi ukishusha mguu tairi la nyuma linakuja kuupanda. Binamu aliwahi kuendesha boda akiwa chuo, na ni yeye aliyekemewa kuliko wote. Wazungu ambao hata baiskeli nadhani hawaendeshi walifaulu mapema kabisa.

Hizi mashine zenyewe sio za zamani sana. Honda walianza na ya matairi matatu mwaka 1970, ya kuchezea kwenye mchanga na theluji huko Marekani, ikaja kupinduka na watu mno mpaka mwaka 1988 wakakubaliana na serikali ya huko wasiiuze tena. Ya matairi manne Suzuki walishaitoa mwanzoni mwa miaka ya 80, na wakulima ndo wakaipenda, ya kubebea chakula cha ng'ombe na kuzungukia uzio. Kwa hiyo hii tunayoilipia kama starehe, kwingine ni trekta dogo la mzee.

Tope ndo lilinimaliza. Kulikuwa kumenyesha usiku, sehemu za bondeni maji yamesimama, unaingia na mashine inazama kidogo alafu inapata mahali pa kushika, inanguruma, inatoka. Matairi yake wanayajaza upepo kidogo sana, haufiki hata robo ya wa tairi la gari, kwa hiyo yanajitandaza kwenye udongo badala ya kuuchimba. Nilitoka kwenye lile tope napiga kelele ambazo sikumbuki mara ya mwisho nilizipiga lini.

Basi. Raha ipo.

Msitu wa kwenye picha

Binamu alinitumia tangazo kabla sijaja. Picha ya kwadi katikati ya miti mikubwa, mizizi imening'inia, mwanga unapenya kwa juu. Msitu wa mvua.

Mi kwetu ni Missenyi, jirani na Minziro. Kwa hiyo msitu wa mvua sihitaji kuonyeshwa, Minziro ni ule ukanda wa misitu ya Kongo unaokuja kuishia kwetu, umeungana na misitu ya Uganda upande wa pili wa mpaka, nyani na ndege hawana habari na paspoti. Ukiwa mdogo hauambiwi ni hifadhi, unaambiwa usiingie peke yako basi.

Na njiani kutoka Kampala basi linapita Mabira. Huo ndo msitu. Kilomita za mraba kama mia tatu, hifadhi tangu mwaka 1932, barabara kuu inaupasua na mle ndani ya basi unasikia kabisa hewa imebadilika. Pale Najjembe wale vijana wenye kuku wa kuchoma kwenye vijiti na ndizi wanakimbilia dirishani, unanunua, safari inaendelea huku mikono ina mafuta. Waganda wameufia huo msitu kwa maana halisi, mwaka 2007 serikali ilipotaka kukata karibu robo yake ipewe kampuni ya sukari watu waliingia barabarani Kampala na kuna waliopoteza maisha. Mpango ule ukasimama.

Sasa msitu tuliopita sisi na kwadi?

Ni kipande. Ukanda mwembamba wa miti kando ya mto, mizuri kweli, yenye kivuli kizito na tumbili wenye mkia mwekundu wanaotukimbia, lakini unahesabu pumzi kidogo tu umeshatokea kwenye mahindi. Sehemu kubwa ya safari ni mashamba. Kahawa, mihogo, viazi vitamu, miwa, migomba, uwanja wa mtu, shamba la mtu, kisima, uwanja wa shule, kanisa, tena uwanja wa mtu.

Binamu aliona tumepunjwa. Mi nikaona sawa tu, maana huko ndani ya Mabira kwadi ingeenda kufanya nini? Kwenye msitu wa kweli udongo wa juu ni majani yaliyooza, mizizi iko hapohapo juu juu, tairi hata liwe laini vipi ukilipitisha kila siku kwenye mstari uleule udongo unashindiliwa, unakuwa mfereji, mvua inakuja inaufuata huo mfereji. Tumepita sehemu kama hiyo kwenye kile kipande cha kando ya mto, mtaro wa kufika magotini kwangu. Kiongozi alituzungusha kwa juu, kwenye nyasi, na nikajiuliza hii ya juu nayo itakuwa mtaro mwaka gani.

Kwa hiyo hapo nilikuwa upande wa mashamba. Nikasema bora tupite mashambani, huko angalau ni njia zilizokuwepo.

Ndo tukafika kwenye turubai.

Zilizokuwepo za nani

Hili ndo lililonikaa. Njia ile ya katikati ya uwanja sio barabara. Hakuna serikali iliyoichora. Ni njia ya miguu ya jirani kwenda kwa jirani, ya mtoto kwenda kisimani, ikapanuka kidogo kwa baiskeli, ikapanuka kidogo kwa boda, na siku moja ikaja kwadi ikakuta upana unatosha.

Kwetu kibanja cha mtu kina njia inayopita katikati na hakuna anayekuuliza ukipita, ila unapita unasalimia. Hiyo ndo bei. Ukipita kimya watu watauliza yule nani, ana nini, na jioni nyumbani kwenu watakuwa wameshajua. Mama yangu anaweza kuchelewa sokoni saa nzima kwa sababu ya salamu tu na wala haoni kama amechelewa.

Sasa mtu mwenye helmeti anasalimiaje?

Nilijaribu. Kuna msichana tulimkuta mapema, kabla ya msiba, ana dumu la njano kichwani. Alipoona tunakuja akatoka njiani, akaingia kwenye kahawa, akashusha dumu, alafu akapiga magoti. Palepale kwenye vumbi. Ndivyo wanavyofunzwa Busoga, yaani hukohuko Jinja, na Buganda na hata kwetu, mtoto wa kike akikutana na mkubwa anapiga goti anasalimia, na yeye aliona wakubwa wanakuja. Midomo inacheza, anatusalimia, sauti haifiki. Kiongozi alipunguza mwendo, akamuinamia kichwa na mkono kifuani. Mi nikanyanyua mkono wenye glavu. Waliokuwa nyuma yangu wakadhani anapunga, wakapunga, na mmoja akapiga picha.

Sikuwa na uso. Miwani, kitambaa mdomoni, helmeti, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Watoto kijiji kizima walikuwa wananiita mzungu, "Muzungu bai! Muzungu bai!", mimi, mweusi kuliko baba zao. Mwanzoni nilicheka. Nilimwambia binamu hii ndo mara ya kwanza nimekuwa mzungu na sijapewa hata viza.

Lakini ukikaa ukafikiri, walikuwa sahihi. Walikuwa hawaiti rangi.

Binamu ana hoja

Nimpe haki yake maana anasoma hii.

Yeye anasema hivi, na amesema kwa voisi noti ndefu za WhatsApp ambazo nyingine nimezisikiliza nikiwa napika: kwanza zile njia boda zinapita usiku na mchana, bila helmeti, bila kupunguza, bila kumuinamia mtu kichwa, mbona huwaandiki? Pili, msimu wa miwa matrekta yanayobeba miwa yanaharibu barabara kuliko kwadi zote za Afrika Mashariki zikiunganishwa. Tatu, yule kijana kiongozi amepata kazi, fundi amepata kazi, mama aliyetuuzia roleksi, ile chapati ya kukunjwa na mayai, pale mwisho amepata hela. Nne, na hapa sauti yake inapanda, nyie mnaokulia kijijini alafu mkahamia mjini mnapenda kijiji kikae vilevile ili mkirudi mkikute.

Ya nne ilinichoma. Niliisikiliza tena.

Ya kwanza nilimjibu kwamba boda ni wa palepale. Anapita kwa fujo lakini anajulikana, anaitwa jina, akimwagia mtu tope mama yake atasemwa. Akinipitisha mimi abiria nina uso, nasalimia. Ya pili sikuwa na jibu zuri. Miwa kule ni kitu kikubwa, kiwanda cha sukari cha Kakira kipo tangu mwaka 1930, huwezi kuja na kwadi moja ukasema hii ndo imeharibu Busoga.

Na kuna jambo kubwa kuliko hata miwa, nalo ni mto wenyewe.

Kwa sababu pale tulipoanzia safari, ukisimama ukaangalia Nile, unaona maji yametulia, mapana, mazuri ya kupiga picha jioni. Hayo maji hayakuwa yametulia. Hapo ndipo palikuwa maporomoko ya Bujagali, watu walikuwa wanatoka dunia nzima kuja kurafti hapo, yaani kushuka na mto kwa boti za mpira, tangu miaka ya 90, na vijana wa palepale walikuwa wanayavuka kwa dumu tupu la plastiki wakilipwa vijisenti na watalii. Mwishoni mwa mwaka 2011 bwawa likajazwa, maporomoko yakazama, mwaka 2012 umeme wa megawati 250 ukazinduliwa. Kulikuwa na mizimu inayokaa kwenye yale maporomoko, ikafanyiwa sherehe kuhamishwa, na wazee wakagombana wenyewe kwa wenyewe kama imehama kweli au imehamishwa kwenye makaratasi tu. Biashara ya rafti ikasogea chini, kuelekea maporomoko ya Kalagala, ambako serikali iliahidi haitapagusa. Alafu mwaka 2019 bwawa la Isimba likazinduliwa huko chini na maji yake yakarudi nyuma yakameza sehemu ya yale maporomoko yaliyokuwa yamebaki.

Kabla ya hayo yote kulikuwa na maporomoko ya Ripon na Owen, nayo yalizama, bwawa la kwanza alikuja kulifungua malkia wa Uingereza mwaka 1954.

Kwa hiyo binamu anauliza, kwenye mahali ambapo wameshazamisha mto, wewe unahangaika na kwadi kupita kwenye uwanja wa mtu?

Ndio.

Nahangaika kwa sababu mto sikuuzamisha mimi. Kwadi nilikuwa juu yake. Na pia kwa sababu yule mzee kwenye kiti cha mbao hakuna aliyemuuliza kuhusu bwawa, angalau sio kwa namna ambayo jibu lake lingebadilisha kitu. Kuhusu kwadi aliulizwa. Alijibu, na msafara wa watu waliolipa kwa dola ukageuka ukasukumwa kwa mikono. Mi sijawahi kuona mtalii anageuzwa na msiba wa mtu. Huku kwetu nimeona kinyume chake mara nyingi tu.

Noti zilitoka mfuko gani

Mwisho wa safari tulisimama kwa yule mama wa roleksi. Mayai mawili, nyanya, kabeji, chapati inakunjwa juu yake kwenye gazeti, moto bado. Kiongozi alikuwa amekaa kwenye tairi la kwadi yake, anakula. Nikaenda kukaa karibu. Yeye Kiswahili anacho cha kuungaunga na mimi Kiganda nakisikia kwa kukisogeza kwenye Kihaya, kwa hiyo tulielewana kwa kuvutana.

Nilimuuliza zile hela za rambirambi, kampuni inampa?

Alicheka. Akasema ni zake.

Nikauliza kwanini sasa.

Akaniambia kesho anapita tena pale. Na keshokutwa. Akasema yule marehemu alikuwa mama mtu mzima ambaye kila wakipita alikuwa anatoka nje kuwasalimia, mvua ikinyesha aliwahi kuwaruhusu wajibanze barazani kwake na wageni wao wakamchafulia baraza lote na tope. Akasema wenzake wanaofanya hii kazi kila mmoja ana njia zake, na ukiajiriwa mpya jambo la kwanza hupewi kwadi. Unatembezwa kwa miguu na mkubwa wako, nyumba kwa nyumba, unatambulishwa, huyu ndo atakuwa anapita. Nani ana ng'ombe anayeogopa kelele. Nani mgonjwa. Nani ana kichanga. Wapi Jumapili usipite mpaka misa iishe. Wapi uzime kabisa uteremke na mwendo wa gari lenyewe.

Hapo ndo nilielewa kitu tulichokuwa tumekinunua. Mafuta na ile mashine ni sehemu ndogo ya bei. Tulichonunua ni ruhusa, na ile ruhusa imejengwa na huyu jamaa kwa miguu yake, kwa salamu zake, kwa noti zake za msibani, na siku akiacha kazi anaondoka nayo. Kampuni inabaki na kwadi na haina pa kuzipitisha.

Haipo kwenye tangazo. Haipo kwenye risiti.

Nikamuuliza na hao wenye viwanja, wanapata chochote? Akajikuna. Akasema kuna wakati wanachangia, daftari za shule, sementi kidogo kisima kilipobomoka, inategemea. Inategemea na nini hakusema, na sikumbana, alikuwa anakula.

Hapa ndo mimi na binamu tumekwama na sioni tukitoka karibuni. Yeye anasema weka malipo rasmi, kila kichwa kinachopita kijiji kipate kiasi fulani, iandikwe, imalizike, kila mtu ajue haki yake. Na kwa kichwa nakubali kabisa, maana hisani ya daftari sio haki, ni hisani, leo ipo kesho haipo. Lakini nikimfikiria yule mzee kapewa risiti, siku ya msiba kiongozi akaja kuchuchumaa mbele yake, mzee atakuwa na nguvu ya kusema geuzeni? Au ataambiwa baba si ulishalipwa? Mtu ukishapokea hela ya njia, njia inakuwa bado yako?

Binamu anasema hayo ni mawazo ya mtu mwenye mshahara. Anasema muulize mwenye uwanja kati ya heshima na mabati atachagua nini, usimchagulie.

Na ni kweli sikumuuliza. Nilikuwa na helmeti.

Desemba

Juzi amenitumia ujumbe kwamba anapanga kwenda tena Desemba na watu wa ofisini kwake, safari hii ile ya nusu siku, inafika mbali zaidi kule kwenye miti. Anauliza niko ndani au niko nje, na kama niko ndani nisije nikaanza kuwahubiria wenzake.

Nimemjibu niko ndani. Siwezi kujifanya sitaki lile tope. Ila nimempa sharti, siku inayofuata mimi na yeye tumtafute yule kiongozi, tumlipe siku yake, atutembeze njia ileile kwa miguu, bila helmeti, tukaingie kwenye ile nyumba ya mfenesi tuwape pole tuliyopita nayo, alafu tuwaulize hilo swali la mabati wenyewe.

Alikaa muda mrefu anaandika, anafuta, anaandika.

Akajibu: "Kwa miguu? Si ndo tulichokuwa tunafanya kwetu bure kila siku, tena na dumu kichwani?"

Alafu chini yake: "Sawa. Ila roleksi unanunua wewe."